Mvua Haikufunga Madirisha

Juni 3
Leo nimechekwa na watu walio upande wa pili wa dunia. Juma lililopita nilimwandikia mnunuzi wetu wa Ulaya kwamba mzigo wa mashati utachelewa kwa ajili ya mvua, nikatumia "thanks to". Niliona maneno hayo yanasikika vizuri, tena ya kistaarabu. Jibu limekuja asubuhi: wanafurahi kusikia kwamba tunaifurahia mvua, ila mashati yao wanayataka.

Kaka Narith, mkuu wa ofisi, alisoma, akatabasamu, akavuta kiti karibu na changu. Hakunifokea. Alisema, "Mdogo wangu, hilo ni neno la shukrani. Unalitumia sababu ikiwa imekuletea heri. Mvua imetuletea heri gani?" Akachukua kalamu yake nyekundu akaniandikia mawili mengine. "Due to" hukaa na jina la jambo: kuchelewa kwa mzigo ni due to mvua. "Because of" hufuata kitendo: mzigo ulichelewa because of mvua. Nikamuuliza tofauti ni nini hasa, maana kwangu ni mvua ile ile na mzigo ule ule. Akasema, "Tofauti anaiona anayesoma, hasa akiwa mkali."

Nimenunua daftari hili njiani nikirudi, niwe naandika maneno kama hayo. Nimefika nalo limelowa pembe.

Juni 4
Mvua.

Juni 9
Sijaandika neno jipya hata moja. Nimekaa tu nikisikiliza ukutani. Chumba chetu kimepakana na cha Chanry, na Chanry hana sauti ya chini. Anaimba akifua, anagombana na jirani kwa ajili ya bomba la maji, anacheka peke yake kwenye simu na mumewe, aliye fundi wa ujenzi huko Thailand. Ana mimba changa, na hiyo nayo kila mtu kwenye safu hii ya vyumba amekwisha tangaziwa.

Mama mdogo Sophal, ninayeishi naye, anampenda. Wanashona meza moja, mstari wa sita, yeye kola, Chanry mikono. Mama mdogo ameshona kola miaka kumi na sita kwenye kiwanda hiki hiki pembezoni mwa Phnom Penh. Kola hizo ndizo zilizonisomesha Kiingereza baada ya mama kufariki. Halisemi hilo hata siku moja. Angelisema ningepumua.

Juni 21
Kuvu imeingia kwenye majora ya pamba ghalani, madoa ya kijivu kama majivu ya sigara. Msimamizi amefunga madirisha yote ya upande wa mashariki kwa misumari, mvua isipige kitambaa. Feni mbili za mstari wa sita hazizunguki tangu Aprili.

Julai 2
Wameanza kupuliza dawa ya kuua kuvu. Mtu mwenye bomba la mgongoni anapita katikati ya meza, watu wakiwa wanashona, kwa kuwa tumechelewa na hakuna saa ya kusimama. Mama mdogo amerudi anakohoa. Nimempa maji ya tangawizi. Amesema dawa inanuka kama samaki wa kuchachushwa aliyelala na rangi ya nyumba. Chanry akapayuka kutoka ng'ambo ya ukuta, "Usimtukane samaki, dada Sophal!"

Julai 8
Wanne wamezimia mstari wa sita. Wamepelekwa zahanati, wamerudi jioni.

Kaka Narith alinipa karatasi ya taarifa. Kwenye kipengele cha sababu akasema niandike: kutokula asubuhi. Nikaandika kuzimia kulikuwa "due to" kutokula asubuhi. Akaipitia yote, kalamu nyekundu haikugusa popote. "Safi," alisema. "Umeelewa sasa." Nilifurahi, siwezi kusema sikufurahi. Nilitembea hadi nyumbani kama mtu aliyefaulu mtihani.

Nyumbani mama mdogo akauliza wakubwa wanasemaje. Nikamwambia.

"Kutokula?" akasema. "Chanry ni mmoja wa hao wanne. Asubuhi amekula uji wangu mabakuli mawili, na samaki mkavu juu. Mimi ndiye niliyebaki na njaa."

Julai 9
Mvua. Nimekuwa nikisimama na kukaa jioni nzima.

Julai 24
Mshonaji wa mstari wa tatu alianguka chini, akaanza kunguruma kwa sauti ya kiume. Wenzake wakasema ni mzimu wa ardhi hii, umekasirika kwa sababu kiwanda kilijengwa juu ya makao yake bila kuuomba. Ulitaka kichwa cha nguruwe, matunda na mvinyo. Wakubwa wakakubali siku hiyo hiyo. Sijawahi kuona ombi la mfanyakazi likijibiwa upesi namna hiyo.

"Tungeupelekea na habari ya feni," alisema Chanry. "Mzimu ungesema tu: nataka kichwa cha nguruwe, na ule upepo wa mstari wa sita."

Nilicheka, kisha nikakereka kwamba nimecheka. Sijui kwa nini mwanamke huyu ananisumbua.

Agosti 6
Thelathini na mmoja.

Walianguka mmoja baada ya mwingine kati ya saa tatu na saa nne asubuhi. Kutoka dirisha la ofisi niliwaona wakibebwa migongoni hadi uani, wakalazwa juu ya maboksi yaliyokunjuliwa, mvua ikinyesha hatua mbili kutoka miguuni mwao. Mama mdogo hakuanguka. Alikuwa anakimbia na ndoo.

Safari hii taarifa inakwenda kwa mnunuzi mwenyewe. Kaka Narith akasema, "Sababu: hali ya hewa."

Nikajikuta nimesema, "Kaka, ni dawa."

Hakukasirika. Ndilo linalonishinda kwa mtu huyu, hakasiriki. Aliweka kalamu mezani. "Dawa tumepuliza kwa nini?"

"Kuvu."

"Na kuvu imekuja kwa nini?"

"Unyevu."

"Na unyevu?"

"Mvua."

"Basi umefika mwenyewe. Ni mnyororo, mdogo wangu. Ukishika pete ya kwanza au ya mwisho, umeshika mnyororo ule ule. Hujasema uongo hata chembe."

Nimeandika. Due to hali ya hewa. Kisarufi haina kasoro.

Agosti 7
Mnyororo wake nimeukokota kichwani siku nzima. Mvua haikufunga madirisha. Mvua haikubeba bomba mgongoni. Hayo nilipaswa kumjibu jana, yamekuja leo nikiosha vyombo.

Agosti 12
Kimya. Hakuna mvua siku nne. Dawa wanapuliza bado.

Agosti 19
Nitaandika yote, nisije nikayapunguza baadaye.

Mnunuzi alimtuma mkaguzi, mwanamke mrefu mwenye mvi fupi, anaitwa Bi Marit. Mkalimani aliyekuja naye alikuwa na homa, kwa hiyo kiwanda kikanitoa mimi. Bi Marit alichagua washonaji sita bila kuwaambia wakubwa mapema. Wa nne alikuwa mama mdogo.

Aliingia, akanitazama kama hanijui, akaketi. Kaka Narith alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe cha chai. Alisema anasubiri simu. Bi Marit akauliza: watu walizimia kwa sababu gani?

Mama mdogo alijibu kwa kirefu. Alisema madirisha yamepigwa misumari tangu Juni. Alisema mwenye bomba anapita asubuhi na mchana, na akipita macho yanawasha, ulimi unakuwa mzito, vidole havioni sindano. Alisema mwenzake ana mimba na ameomba kuhamishwa mara mbili, akakataliwa. Kisha akaweka mikono mapajani, akaningoja.

Nilisikia kijiko kikizunguka kwenye kikombe nyuma yangu.

Nikasema: anasema ni due to hali ya hewa, na hewa ni nzito ndani.

Bi Marit akaandika. Akamshukuru. Mama mdogo akasimama, akatoka.

Njia yote ya kurudi, kwenye lori la wafanyakazi, alinipa mgongo. Nyumbani akakata boga, akapika, akanipakulia. Nilipomaliza kula ndipo akasema, "Kiingereza sikijui. Lakini kuhesabu najua. Mimi nilisema maneno mengi. Wewe ukasema kidogo."

"Kiingereza ni kifupi, mama mdogo."

"Ndicho nilichokuwa nakulipia miaka yote ile? Kifupi?"

Agosti 20
Sikwenda kula mchana na wenzangu. Nimezunguka ghala mara tatu.

Agosti 22
Mama mdogo anaongea nami mambo ya chumvi na mkaa tu.

Agosti 29
Nilikutana na Chanry bombani. Tumbo limeanza kumsimama. Nilifikiri atanipigia kelele mbele ya watu, nikawa tayari. Alisogeza ndoo yake nichote kwanza, akasema kwa sauti ya chini ambayo sikujua kama anayo, "Dada Rachana, unapendeza ukisema Kiingereza. Mtu anaweza kudhani ni mambo ya kweli."

Ningependelea kelele.

Septemba 4
Leo asubuhi nilitumwa mstari wa sita kuhesabu majora yenye madoa. Mvua ilikuwa inapiga bati hivi kwamba wasimamizi walionyeshana vidole badala ya kusema. Mwenye bomba alipita. Sikuwa nimewahi kuwa ndani anapopita. Kwanza macho yaliwasha. Kisha nikaona namba kwenye karatasi yangu zinasogea, nikashika meza. Mama mdogo alinivuta mkono, akasema, "Tazama chini, pumua ndani ya nguo." Akaniziba pua kwa kipande cha kola.

Chanry aliinuka kwenda kutafuta hewa. Nilimwona akipita, mkono mmoja ukutani. Alifika mlangoni, akashuka ngazi tatu, nne. Kisha hakuwepo. Hakupiga kelele, yeye ambaye anapiga kelele kwa kila kitu.

Tulimkuta chini ya ngazi, amekunja magoti. Damu ilikuwa imeshika sketi. Mama mdogo alimpakata kichwa. Mimi nilisimama na karatasi yangu ya majora mkononi, naitazama kama ndiyo itaniambia la kufanya, mpaka mtu akanipokonya.

Jioni, hospitali ya mkoa. Mimba ya miezi mitano imetoka. Ilikuwa mtoto wa kiume. Daktari ni kijana, amechoka, mkweli. Nilimuuliza ni dawa? Akasema, "Kuanguka kunaweza kutosha. Dawa inaweza kuwa imechangia. Siwezi kukuandikia kwa hakika."

Chanry alikuwa amelala ametazama ukuta. Mama mdogo alimwambia, "Rachana yuko hapa."

Akasema, "Amekuja kuandika?"

Septemba 5
Niliingia ofisini mapema. Karatasi ya taarifa ilikuwa mezani kwangu, kipengele cha sababu kimekwisha jazwa kwa kalamu nyekundu nifuatishe: due to hali ya afya aliyokuwa nayo kabla.

Nimeitazama sana sentensi ile. Hakuna mtu ndani yake. Kuna kuanguka, kuna hali, kuna afya. Hakuna aliyefunga dirisha, hakuna aliyebeba bomba, hakuna aliyesema hapana mara mbili. Nikakumbuka kaka Narith aliniambia jina la jambo hukaa na due to. Majina yanakaa kimya. Kitendo ndicho kinachouliza nani.

Nikaandika yangu. Ilinichukua hadi mchana, na ni sentensi tano tu. Nilikataa kuandika kwamba mtoto alikufa kwa dawa, kwa kuwa daktari hajasema, na sitaki mtu aishike hiyo aitupe pamoja na nyingine zote. Niliandika ninachokijua: Chanry alianguka because tulipuliza dawa akiwa kazini, na madirisha tuliyapigilia misumari. Aliomba kuhamishwa mara mbili, tukakataa. Mimi nilikuwepo, na mimi pia nilishikwa na kizunguzungu. Tarehe 19 Agosti nilitafsiri vibaya maneno ya mshonaji Sophal, nikijua. Alichosema ni hiki, na hapo nikaandika yote.

Nilimpelekea kwanza kaka Narith. Sijui kwa nini. Nadhani nilitaka aseme "safi".

Alisoma mara mbili. Hakupata kosa, niliona akilitafuta. "Umeandika 'sisi' kila mahali," akasema.

"Ndiyo."

"Kiwanda si wewe."

"Barua zake nani anaandika?"

Alivua miwani. Alikuwa na uso wa mtu niliyemkuta amelala. "Rachana, watu mia nane wanakula hapa. Mnunuzi akiondoka, utaandika sababu gani? Nani atakuwa mtenda hapo?"

Nikasema, "Chanry aliomba kuhamishwa. Maombi yake yalipita mezani kwako?"

Akavaa miwani. "Yalipita."

Miaka minne nimekuwa nikitaka kuwa kama mtu huyu. Nilirudi mezani kwangu, nikatafuta anwani ya Bi Marit, nikatuma. Kabla ya kutuma nilikosea jina langu mwenyewe, nikalirekebisha.

Septemba 6
Hakuna jibu. Nimefungua barua pepe mara arobaini.

Septemba 8
Nimefukuzwa. Kwenye barua yao wameandika nimeachishwa "due to" mabadiliko ya ofisi. Nimesoma getini nikacheka kwa sauti, mlinzi akaniuliza kama mimi ni mzima.

Septemba 9
Mama mdogo alinipikia samaki mkubwa kupita kiasi.

Septemba 14
Chanry amerudi kutoka kwao Prey Veng alikokuwa kwa mama yake. Haimbi. Ukuta umekuwa kimya hivi kwamba nasikia maji yakichemka kwake.

Septemba 16
Asubuhi alikuja mlangoni kwetu, akaketi kizingitini bila kukaribishwa. "Dada Sophal ameniambia ulichoandika. Na yule mzungu amejibu kiwandani, anarudi tarehe ishirini na saba. Anataka kuniona mimi."

"Atakuja na mkalimani wake safari hii," nikasema. "Nasikia ni mtu mzuri."

"Na wewe ulikuwa mtu mzuri." Alisema bila ukali. "Sitaki mkalimani. Nifundishe."

"Kiingereza hakifundishwi kwa siku kumi na moja."

"Sitaki Kiingereza chote. Nataka sentensi moja. Ile ya kwangu."

Septemba 17
Tumeanza. Hasomi vizuri hata herufi zetu, kwa hiyo ni mdomo kwa mdomo. Nilimwekea zile njia zote za kusema sababu mbele kama mboga sokoni: hii hukaa na jina, hii hufuata kitendo, hii ya shukrani.

"Ya shukrani ondoa," akasema.

Nikampa ya due to, kwa kuwa ni rahisi kutamka. Akaijaribu, akakunja uso. "Nimesema nini?"

"Kuanguka kulitokana na upuliziaji."

"Ndivyo watu huongea? Mimi nilipokwenda chini, nilitokana?" Akatikisa kichwa. "Nataka ambayo wao wamo, na mimi nimo."

Septemba 20
Sentensi yake sasa ni "nilianguka because mlipuliza dawa", na anakosea neno lile lile, "because". Linatoka kama jina la mdudu. Mama mdogo naye ameanza kurudia akimenya vitunguu. Jana washonaji wawili wa mstari wa tatu walisimama dirishani, wakasikiliza, wakaondoka wakitamka.

Septemba 23
Leo Chanry alikatisha sentensi katikati. Nikadhani amesahau. Akasema, "Nilikuwa nimeshamchagulia jina." Hakunitajia. Kisha akasema, "Haya, toka mwanzo."

Septemba 27
Mimi siruhusiwi kuvuka geti. Nilisimama ng'ambo ya barabara chini ya turubai la muuza maji ya miwa, kwa saa mbili na nusu, mvua ikiingia kwenye viatu. Nilikunywa glasi nne nisizozitaka. Kila geti lilipofunguka nilinyoosha shingo, na kila mara lilikuwa lori.

Alitoka na mama mdogo, wameshikana mikono. Nilivuka bila kutazama pikipiki.

"Alielewa?"

Chanry alijifuta mvua usoni. "Kaka yako Narith alikuwepo, na chai yake. Mkalimani akafungua mdomo, nikamwonyesha kiganja. Nikasema. Yule mama akakunja macho, akaniambia niseme tena. Nikasema tena. Mara ya tatu akaandika."

"Akafuta machozi," mama mdogo akaongeza.

"Hakufuta machozi, dada Sophal. Alikuna jicho. Ni ile dawa."

Oktoba 6
Hatukwenda kijijini mapema kwa sikukuu ya mababu, kazi haijaisha, kwa hiyo naandikia hapa hapa.

Misumari imeng'olewa. Mama mdogo amesema upepo wa kwanza ulipoingia, mabaki ya kitambaa yaliruka hadi kwenye nywele za msimamizi, watu wakapiga makofi. Dawa sasa inapulizwa Jumapili, hakuna mtu ndani. Mnunuzi hakuondoka, lakini amepunguza mashati, na mstari wa nane umefungwa. Watu sitini. Mmoja wao alinipita sokoni jana, akatema mate pembeni. Kaka Narith yupo kwenye kiti chake. Nasikia ameweka msichana mwingine mezani kwangu, mwenye Kiingereza kizuri.

Mimi nafundisha watoto wa mwenye duka la vipuri asubuhi. Bado situlii. Natembea hadi daraja la reli na kurudi, natembea tena.

Jioni Chanry aligonga. Alikuwa na tui la nazi mkononi, la kutia kwenye mikate ya wali ya sikukuu, akalikabidhi kwa mama mdogo, kisha akaketi kizingitini pale pale.

"Nataka nyingine," akasema.

"Sentensi ipi?"

"Ya kujibu ninayo. Sasa nifundishe ya kuuliza."